Bahari Ni Yetu, Mitungi Ni Ya Nani?

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Akiingia mji mpya kila jambo lake huonekana: namna anavyouliza bei ya samaki, msikiti anaouchagua, hata lahaja anayomwamkia nayo jirani. Lakini iko haja moja ambayo Mswahili mgeni akiitaja popote katika mwambao wetu, kutoka Kiunga mpaka Vanga, hutazamwa kwa mshangao mkubwa zaidi. Nayo ni kusema kwamba anatafuta mahali pa kuzamia baharini kwa mtungi wa hewa.

Neno lenyewe lina mikosi. Kwa vijana wengi wa Mombasa, kuzamia ni kujificha katika tumbo la meli usiku na kwenda nchi za watu bila pasipoti. Kwa wazee, kuzamia ni kazi ya majongoo, kombe na kamba, kazi ya mtu kubana pumzi yake. Ama yule avaaye miwani ya kioo, mapezi miguuni na mtungi mgongoni, akakaa chini ya maji dakika 40 akiwatazama samaki, huyo katika fikira zetu ni Mzungu. Sisi tuliozaliwa na maji yakitupiga miguuni tumewaachia wengine elimu hiyo, tukaridhika kuwabebea mizigo.

Maoni yangu, ndugu msomaji, ni kuwa jambo hili limetupotezea mengi na halifai kuendelea. Elimu ya kuzamia kwa mtungi yapasa kuingia katika majumba yetu na madiko yetu, ili Mswahili anayehamia pwani nyingine akute mlango ulio wazi na watu wa kwao nyuma yake.

GETINI NA DIKONI

Nilipohamia Ukunda kikazi, kutoka kwetu Lamu, nilikuwa tayari na cheti cha kuzamia nilichokipata Watamu. Cheti cha namna hiyo hakina mipaka ya nchi, wala hakifi kwa kupita miaka; aliye nacho hupokewa Mafia, Muscat au Bahari ya Shamu, ingawa aliyekaa muda mrefu bila kuzamia hutakiwa ajikumbushe kwanza mbele ya mwalimu. Kwa hiyo nilidhani kazi yangu itakuwa kuuliza njia tu.

Katika kituo kimoja kilicho ndani ya hoteli, mlinzi wa langoni aliitazama kanzu yangu na kofia yangu, kisha akaniuliza nimeleta samaki wa aina gani. Nilipomwambia sikuwaleta, bali nimekuja kuwatazama, alidhani namfanyia mzaha. Ndani nilitajiwa bei kwa fedha za kigeni. Aliyenionyesha mitungi alikuwa kijana wa Kidigo, mzaliwa wa papo hapo. Alijua kuijaza, kuiosha kwa maji matamu na kuipakia mashuani bila kuigonganisha. Nikamwuliza amezamia mara ngapi. Akajibu, "Mimi huishia mashuani, kaka." Miaka 6 alikuwa amebeba pumzi za watu wengine, na yeye mwenyewe hajavuta hata moja.

Siandiki haya ili kukishitaki kituo hicho. Mwenye biashara huuza kwa anayenunua, na viko vituo ambavyo vimewafunza vijana wetu mpaka wakawa viongozi na walimu wa kuzamia. Lakini swali lilibaki moyoni: kwa nini kijana yule hakuwa na mlango mwingine wa kubisha?

Mlango wangu wa pili niliupata Shimoni, dikoni, mahali wavuvi wanapoteremsha samaki. Nilimkuta mzee anashona wavu.

"Salamu aleikum, mzee."

"Aleikum salaam, mwanangu. Watokea wapi?"

"Amu."

"Mtu wa Amu hafundishwi bahari," akasema akicheka, "lakini mkondo wa Wasini bado hujauona."

Akanieleza kwa utaratibu. Siku za bamvua, mwezi unapokuwa mwandamo au mpevu, maji hupanda sana na kushuka sana, na mkondo baina ya Shimoni na kisiwa cha Wasini huenda kasi hata mtu mwenye nguvu hawezi kushindana nao. Siku za maji mafu mkondo hulegea. Hata katika siku moja, uko wakati mfupi ambapo maji husimama kabla ya kugeuka, na huo ndio wakati wa mtu kuteremka. Wakati wa kaskazi, na hasa katika malelezi pepo zinapobadilishana, maji huwa meupe na mtu huona mbali. Kusi ikishika, mawimbi hutibua mchanga, na vituo vingi vya kuzamia hupumzika katika miezi yake mikali. Mzee huyo hakuwahi kuvaa mtungi. Lakini mambo aliyonipa kwa nusu saa ndiyo yale yale anayouza mwalimu wa kuzamia kwa mgeni wake, na nafikiri ni haki kusema kwamba mwalimu mwenyewe aliyapata kwa watu kama mzee huyu.

Ndiyo maana nasema mgeni na aanzie dikoni. Ajue pepo na maji ya mahali hapo, ajue mwamba upi ni wa wavuvi na upi umehifadhiwa, kisha ndipo aende kutafuta mtungi.

YA KUULIZA KABLA YA KURUKA

Pwani yetu haina upungufu wa mahali pa kuzamia. Mbuga za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, nazo ni miongoni mwa za kwanza kabisa katika Afrika. Kisite, kusini mwa Wasini, ilifuata mwaka 1978, na ya Mombasa mwaka 1986. Upande wa Bamburi iko meli iitwayo Dania, iliyokuwa ikisafirisha mifugo, ambayo mwaka 2002 ilizamishwa kwa makusudi iwe makao ya samaki. Mtu akiteremka katika miamba hii hukutana na tewa, pono, kitatange, mkunga aliyechungulia pangoni, na kasa anayepita kama mzee anayekwenda zake sala ya asubuhi.

Lakini mgeni asikimbilie kila mwenye mashua na mitungi. Yako maswali ambayo anayeulizwa hana haki ya kukasirika. Mitungi ilikaguliwa lini, ndani na nje? Mashine ya kujazia hewa huvuta hewa safi, au imewekwa karibu na moshi wa injini? Katika mashua iko oksijeni ya kumsaidia aliyeumia? Kiko wapi chumba cha shinikizo kilicho karibu, ambamo hutibiwa mtu aliyepanda upesi? Mwalimu atachukua watu wangapi kwa mara moja, na nani atabaki mashuani? Na mwalimu mwema naye atamwuliza mgeni wake: cheti kiko wapi, daftari la mizamo liko wapi, mara ya mwisho ulizamia lini? Kituo kisichouliza lolote ni cha kukimbiwa, hata kama bei yake ni ndogo.

Asiye na cheti ajue kwamba si jambo la miujiza. Hutakiwa awe na afya, aweze kuogelea mita 200 bila kupumzika, asome somo lake na kulifanyia mazoezi katika maji ya kina kifupi kabla ya kupelekwa bahari kuu. Cheti cha kwanza humruhusu mtu mzima kufika mita 18. Akiendelea hufika 30, na mpaka wa mwenye kuzamia kwa kujifurahisha ni mita 40.

PUMZI YA BABU NA PUMZI YA MTUNGI

Liko jambo moja ambalo kila mwana wa pwani anayeingia elimu hii apaswa kulijua kuliko mgeni wa bara, kwa sababu ustadi wake mwenyewe waweza kumwua.

Babu zetu walizamia kwa pumzi moja. Mzamiaji huvuta hewa juu, akaibana, akateremka, akapanda nayo. Uzito wa maji huikandamiza hewa hiyo kifuani anaposhuka, na anapopanda hurudia ukubwa wake wa kwanza, wala haiwezi kuuzidi. Mwenye mtungi ni kinyume. Yeye huvuta hewa akiwa chini, nayo humjia ikiwa imebanwa sawa na uzito wa maji ya pale alipo. Katika kina cha mita 10 uzito ni maradufu ya ule wa juu. Katika mita 20 ni mara tatu. Basi mtu akijaza mapafu yake katika mita 10, kisha akabana pumzi na kupanda, hewa hiyo hutaka kuwa maradufu kabla hajafika juu, na mapafu hupasuka. Kwa hiyo amri ya kwanza ya mtungi ni kutobana pumzi kamwe.

Amri ya pili ni kupanda polepole na kupumzika kidogo kabla ya kutoa kichwa. Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, na chini ya maji huingia mwilini kwa wingi. Mtu akipanda taratibu hutoka bila madhara. Akipanda mbio hutokeza mapovu ndani ya damu na viungo, kama soda iliyofunguliwa kwa ghafula, na hapo huja maumivu, kupooza, hata kifo. Kwa sababu hiyo hiyo, aliyezamia mara kadhaa hashauriwi kupanda ndege mpaka zipite saa 18.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa kuwa vijana wa mwambao hupewa mitungi na wafanyabiashara wa majongoo bila kufundishwa lolote. Huteremka mara nyingi kwa siku, hupanda mbio, na wakirudi na miguu isiyosimama watu husema ni pepo wa bahari. Huyo si pepo. Ni ujinga wa mwajiri, na fidia yake huliwa na mama mzazi aliyebaki akimwuguza mwanawe.

NI NANI ATAKAYETUTOA?

Huenda mtu akauliza, mambo haya yatusaidie nini sisi tulio na shida za ada na unga? Nitajibu kwa kutaja maji ambayo watu wa Mombasa huyavuka kila siku.

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lenye mama na mwanawe lilitumbukia kutoka katika feri ya Likoni, mbele ya macho ya watu. Lilitolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha mita 58 hivi, na wazamiaji wa Jeshi la Wanamaji walisaidiwa na wengine walioletwa kutoka Afrika Kusini. Siku zote hizo watu walisimama ufuoni wakiomba dua. Bila shaka kina kile si cha mzamiaji wa kawaida, na sitaki mtu afikiri kwamba kijana wa cheti cha kwanza angaliweza kwenda. Lakini bingwa wa mita 58 huanza akiwa mwanafunzi wa mita 5. Nchi iliyo na wanafunzi wachache haiwezi kuwa na mabingwa wengi.

Tazama pia urithi wetu. Mwaka 1697, Waarabu wa Oman walipokuwa wameizingira Fort Jesus, merikebu ya Kireno Santo António de Tanna ilizama chini ya ngome hiyo. Kati ya 1977 na 1980 wazamiaji waliichimbua, kazi iliyoongozwa na wataalamu wa ng'ambo pamoja na Makumbusho ya Kenya, na vitu vilivyopatikana viko ngomeni hata leo. Vita vile vilikuwa vya mji wetu, na kwa karibu miaka 300 ushahidi wake ulilala mita chache kutoka mahali wavulana wa Mji wa Kale wanapoogelea. Si haba, leo Makumbusho yana Mkenya, Caesar Bita, aliyebobea katika elimu ya mambo ya kale ya chini ya maji. Lakini mmoja hatoshi katika pwani ambayo vyombo vimepita, na vingine kuzama, kwa zaidi ya miaka 1,000.

Na iko mwamba yenyewe. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa. Mvuvi aliona samaki wamepungua, lakini aliyeona sababu ni aliyekuwa chini. Kuruwitu, katika Kilifi, wenyeji walikata shauri wenyewe kufunga sehemu ya bahari yao isivuliwe, na samaki wakarudi. Watu wanaolinda mali ya chini ya maji wahitaji macho ya chini ya maji.

DINI NA STARA

Najua pingamizi itakayokuja, na ni pingamizi ya heshima. Mzazi husema: mahali pa kuzamia ni hotelini; hotelini kuna ulevi na uchi; mwanangu sitampeleka huko. Mzazi huyo hana makosa kuogopa. Lakini ulevi haumo baharini, umo katika baa iliyojengwa kando yake. Tukiiacha bahari kwa sababu ya baa, tumempa mwenye baa bahari yote bila malipo.

Mimi si mwanachuoni, na mambo ya hukumu nawaachia wenyewe. Lakini kila asomaye Sura An-Nahl, aya ya 14, hukumbushwa kwamba Mwenyezi Mungu ameitiisha bahari kwa ajili yetu, tupate humo chakula na mapambo ya kuvaa. Samaki huweza kuvuliwa na mtu aliyeketi mashuani na mshipi wake. Lulu haivuliwi kwa mshipi. Lazima mtu ateremke. Ndugu zetu wa Bahrain na Kuwait waliteremka kwa karne nyingi, jiwe mguuni na kibanio puani, na mwenzao juu ameshika kamba. Miongoni mwa wazamiaji hao walikuwamo watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki, jambo la kuhuzunisha ambalo halipasi kusahauliwa. Biashara ile ilivunjika lulu za kufugwa za Japani zilipoenea katika miaka ya 1920 na 1930, lakini Bahrain haikuiona aibu: mwaka 2012 UNESCO iliandikisha urithi wake wa lulu miongoni mwa urithi wa dunia. Wao wamegeuza kazi ya babu kuwa fahari ya mjukuu. Sisi twaicheka.

Na mabinti je? Vazi la mpira la kuzamia humfunika mtu tangu shingoni hadi vifundoni, na kofia yake hufunika nywele. Anayetaka vazi la kupwaya huweza kulivaa juu yake. Kinachokosekana ni mwalimu mwanamke. Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje ulipata kuwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri mwili mzima, na anayewafundisha ni mwanamke mwenzao. Binti anayevuka Likoni kila siku kwenda shule ana haki ya kujua kuogelea kama kaka yake. Maji hayamwulizi mtu kama ni mume au mke.

TUFANYE NINI?

Kwanza, vikundi vya usimamizi wa fuo, vilivyowekewa kanuni mwaka 2007, viwe na chama cha kuzamia katika kila diko kubwa: Lamu, Malindi, Mombasa, Gazi, Shimoni, Vanga. Mashine moja ya kujazia hewa na mitungi michache yaweza kutumiwa na vijana wengi kwa zamu, na mgeni mwenye cheti, awe wa Lamu au wa ng'ambo, alipe ada yake hapo. Fedha itabaki dikoni.

Pili, serikali za kaunti za pwani, ambazo kila mwaka hutoa misaada ya masomo, zitenge nafasi kwa watakaosomea kuzamia, kutoka cheti cha kwanza hadi cha ualimu, na angalau nusu ya nafasi hizo ziwe za wasichana. Kazi ziko: kuongoza wageni, kukagua meli bandarini, kuwasaidia watafiti wa bahari, kuokoa watu.

Tatu, kila kituo kinachopata riziki yake katika mbuga za bahari kiwafundishe vijana kadhaa wa mahali hapo kila mwaka, bila malipo, na iwe ni sharti la kupata leseni. Nne, mtungi usiwe chombo cha kukombea majongoo na kamba hadi waishe. Tunaomba elimu, hatuombi njia mpya ya kumaliza bahari.

Na wewe uliyehamia pwani ngeni ukiwa na hamu ya kuzamia, usione haya. Waamkie wazee wa dikoni, uliza maji yanavyokwenda, kagua mtungi wako, na ukipata nafasi ya kuteremka mchukue kijana mmoja wa pale umfundishe kuogelea vizuri na kusoma saa ya hewa. Kijana yule wa Ukunda aliyeishia mashuani yuko katika kila bandari yetu. Anachongojea ni mtu wa kwao amwambie kwamba huko chini pia ni kwake.